Sura ya Sita: Kati ya Mlima na Ziwa

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini huna njia mbili. Kulia kuna Ziwa Tanganyika, kushoto kuna milima ya Mumirwa, na katikati umebaki ukanda mwembamba wa ardhi unaogombaniwa na nyumba, mihogo, michikichi, misikiti, makanisa na barabara yenyewe. Barabara hiyo ni ya taifa namba 3, lakini kila mtu anaiita RN3. Inafika Rumonge baada ya kilomita 75 hivi, inapita Nyanza-Lac, kisha inapanda kuelekea mpaka wa Tanzania. Wageni wengi huipita kwa mwendo mmoja wakikimbilia mchanga wa Resha, wakaoga, wakala samaki, wakarudi Bujumbura jioni. Wanarudi wameona ziwa, ila hawajaona watu wanaoliishi. Sura hii inakushauri ushuke mapema, Muhuta, na uipange safari yako kwa saa za wavuvi na wakamuaji mawese, kwa maana uzuri wote wa mwambao huu uko katika kazi inayofanyika hapo, na kazi ina saa zake.

Kabla ya hayo, tuondoe mkanganyiko wa ramani. Mkoa wa Rumonge ulizaliwa Machi 2015 kwa kuunganisha tarafa tano: Muhuta na Bugarama zilizomegwa kutoka Bujumbura Vijijini, na Burambi, Buyengero na Rumonge zilizotoka Bururi. Haukudumu. Sheria ya mwaka 2023 iliipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na mgawanyo mpya ulipoanza kutumika mwaka 2025, Muhuta ilirudishwa upande wa Bujumbura huku Rumonge ikiingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Kwa hiyo ukisoma karatasi moja inayosema Muhuta iko Rumonge na nyingine inayosema iko Bujumbura, zote mbili ziliandikwa na watu wenye akili timamu, ila katika miaka tofauti. Dereva hajali. Mwambie Gitaza, Magara, Minago au Rumonge, naye atakushusha panapotakiwa.

Usafiri ni basi dogo au Probox, gari ambalo Burundi imeligeuza kuwa teksi ya pamoja na ambalo hubeba abiria wengi kuliko lilivyokusudiwa na waliolitengeneza. Omba kiti cha upande wa kulia. Burundi magari hupita mkono wa kulia, na ukielekea kusini anayekaa upande huo ndiye mwenye ziwa lote kwake. Jambo la pili ni mafuta ya gari. Kwa miaka kadhaa sasa nchi imekuwa ikikumbwa na uhaba wa petroli, na uhaba huo ndio unaoamua nauli, idadi ya magari na saa ya kuondoka. Toka asubuhi. Usipange kurudi Bujumbura siku ileile ya ndege yako. Jumamosi asubuhi, watu wanapokuwa kwenye kazi za umma, usafiri husimama au hupungua sana mpaka saa nne na nusu hivi, basi itumie kwa chai.

Hatua ya kwanza inayotajwa na kila kitabu ni jiwe la Mugere, kama kilomita 10 kusini mwa Bujumbura. Limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe, 25 Novemba 1871. Wapo watakaokuambia kwamba hapa ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini kutafuta jibu la swali lililokuwa likiwasumbua wanajiografia wa Ulaya: je, mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, huenda Tanganyika ndiyo chimbuko la Nili. Walikuta unaingia. Hapa Mugere walilala siku mbili, wageni wa chifu Mukamba, ambaye pengine alijua mto unaelekea wapi tangu utotoni. Mandhari ya ziwa kutoka kilimani ni nzuri, lakini jiwe ni jiwe. Nusu saa yatosha.

Baada ya Kabezi unaingia Muhuta, na hapo mlima unaisogelea barabara. Ziwa liko mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari, na kwa mwendo mfupi tu ardhi inainuka hadi kwenye matuta ya juu yanayotenganisha maji ya Kongo na maji ya Nili, ambayo yanavuka mita 2,000. Mteremko wa namna hiyo, uliolimwa mpaka kileleni, hauwezi kuyazuia maji ya Machi na Aprili. Mito ambayo Agosti unaivuka bila kulowesha kifundo cha mguu, mwezi wa nne inashuka na mawe ya ukubwa wa nyumba ndogo. Gitaza, kituo kikubwa cha biashara cha tarafa hii, inayajua maporomoko hayo vizuri. Mwaka 2015 yaliiziba RN3, na si mara moja wala mbili mwambao wote wa kusini umekatwa na Bujumbura kwa sababu ya tope la hapa. Ukisafiri msimu wa mvua, piga simu mbele kabla ya kuondoka. Ukikuta gari zimesimama na watu wanatazama juu mlimani, shuka utazame nao, na ungoje wao wavuke kwanza.

Upande wa pili ziwa nalo lina yake. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua zikizidi kwa miaka mfululizo maji hayana pa kwenda ila juu. Tangu mwaka 2020 hivi yamepanda mno, na mwaka 2024 yalizifuata nyumba, baa na hoteli zilizojengwa ufukweni kana kwamba ziwa lilikuwa limetia saini mkataba wa kutosogea. Kwa msafiri maana yake ni rahisi: picha za mtandaoni za ufukwe mpana wenye miavuli huenda ni za zamani. Kabla ya kulipia chumba, mpigie mwenye nyumba umwulize kama mchanga wake bado upo juu ya maji.

Kwa nini basi ushuke Gitaza? Kwa sababu ya samaki, na kwa sababu ya saa. Vibanda vya kando ya barabara huuza mukeke wabichi na wa kubanikwa, ndagala wakavu wa kupimwa kwa bakuli, ndizi, mihogo, na maembe kwa msimu wake. Mukeke ndiye yule ambaye Kigoma wanamwita mgebuka, samaki mwembamba, mwenye nyama nyeupe isiyo na miiba ya kuudhi. Ndagala ni dagaa wa Tanganyika. Wote wawili wanaishi katikati ya ziwa, kwenye maji ya kina, na wote wawili wanavuliwa usiku kwa taa. Ndiyo maana nakupa ushauri ambao huenda hujaukuta katika kitabu kingine cha utalii: kabla ya kupanga tarehe ya kusafiri, angalia mwezi.

Sababu ni hii. Wavuvi hutoka jua linapozama, mitumbwi miwili au mitatu imeunganishwa kwa miti, wavu mkubwa umefungwa chini yake, na taa zimeelekezwa majini. Vyombo vikubwa vya aina hii wenyewe wanaviita apollo. Mwanga huvuta vijidudu, vijidudu huvuta ndagala, ndagala humvuta mukeke, na wakishajaa chini ya taa wavu huinuliwa. Usiku wa mbalamwezi mpango wote unaharibika: ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina cha kuonyesha, samaki hawakusanyiki. Siku za karibu na mwezi mpevu wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu, na bei sokoni hupanda. Ukija katika giza la mwezi, saa mbili usiku simama mahali popote palipoinuka Muhuta: mbele yako kuna mstari wa taa kutoka kaskazini hadi kusini, na mgeni asiyeambiwa huapa kwamba ule ni mji wa upande wa Kongo.

Kisha lala mapema, uamke saa kumi na moja alfajiri uende mwaloni. Mwalo wa samaki si kivutio kilichopangwa, hakuna tiketi, na hakuna atakayekungoja. Mitumbwi inafika ikiwa mizito, wanaume wanaruka majini wakiwa wamelowa mpaka kifuani, na kina mama wenye mabeseni tayari wamekwisha kukadiria nani amepata na nani amekosa kwa kutazama tu jinsi chombo kilivyokaa kwenye maji. Bei inapigwa kwa haraka, kwa Kirundi na Kiswahili kwa pamoja, na ndani ya saa moja samaki wa kupelekwa Bujumbura wameshapanda gari au wamefungwa nyuma ya baiskeli. Salimia kwanza, kwa "mwaramutse" au kwa Kiswahili chako. Simu ya kupiga picha iache mfukoni mpaka umezoeleka, na hata hapo omba ruhusa. Ukiona sare za jeshi la majini, iache mfukoni moja kwa moja. Huku wanalinda mpaka wa ziwa, na picha za vituo vya kijeshi, madaraja na bandari zinaweza kukuharibia siku nzima.

Jua likishapanda, tazama wanavyokausha. Zamani ndagala walianikwa mchangani, wakala mchanga, wakapata mvua, na kuku wakachukua sehemu yao. Katika miaka ya 2000 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilisaidia kueneza vichanja vya waya vilivyoinuliwa karibu mita moja kutoka ardhini. Hewa inapita juu na chini, dagaa hukauka kwa siku moja badala ya kadhaa, na mlaji hasagi mchanga kwa meno. Ukitaka kununua wa kurudi nao nyumbani, uliza kama walianikwa kwenye vichanja, uvunje mmoja kwa vidole. Akikatika kwa mlio, funga mzigo. Akipinda, atanuka kabla hujavuka mpaka. Kumbuka pia kwamba nchi zinazolizunguka ziwa zimekubaliana kulipumzisha: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwa upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Ukipanga safari ya miezi hiyo, uliza hali ya upande wa Burundi, usije ukaamka alfajiri kutazama mchanga mtupu.

Muhuta ina upande wa pili ambao karibu hakuna anayeupanda. Njia za miguu zinaondoka barabarani na kupita kwenye mihogo na migomba kuelekea vilima vya ndani. Tafuta kijana mwenyeji akuongoze, mkubaliane malipo kabla ya kuanza, na ubebe maji. Saa mbili za kupanda zinakutoa kwenye joto la ziwa na kukuingiza kwenye upepo wa milimani, na hapo ndipo unapoona umbo la nchi hii: ukanda mwembamba chini, kisha maji, kisha ukuta wa milima ya Kongo. Nakuonya lakini kuhusu msimu. Vitabu husema njoo kuanzia Juni hadi Agosti, kiangazi, na kwa upande wa barabara vina haki. Ila kiangazi hujaa ukungu wa vumbi na moshi wa mashamba, na Kongo yote hupotea. Tena ndio wakati wa upepo wa kusini unaolichafua ziwa. Anayetaka kuona mbali aje Januari, mvua zikipumua kidogo, au mwishoni mwa Mei, hewa ikiwa imesafishwa.

Kusini ya hapo safari ni nyepesi. Sehemu ya kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge imejengwa upya kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, katika mradi uleule uliogusa barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Unapita Magara, unafika Resha, na hapa nakubaliana na umati: mchanga ni mzuri, maji ni safi, na mukeke wa kubanikwa kwa vitunguu, nyanya na ndizi za kukaanga hauna mshindani. Akikosekana mukeke, ulizia kuhe, samaki mnene ambaye kati ya jamii nzima ya sato ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani na hapatikani nje ya ziwa hili. Agiza chakula kabla ya kuingia majini, maana jiko la makaa halina haraka, na ukianza kuuliza baada ya kuoga utaulizia sana.

Kuhusu kuoga, nitasema waziwazi kwa sababu matangazo hayasemi. Kichocho kipo Tanganyika. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani na matete, karibu na mito na makazi, kwa hiyo oga palipo na mchanga mtupu na mawimbi, jifute mara utokapo, na ukirudi nyumbani pima baada ya wiki sita hadi nane. Dawa yake ipo na ni rahisi. Viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na anayesimama kati ya kiboko na maji ndiye anayeumia. Mamba nao wapo. Gustave, mamba mkubwa ambaye sifa zake za kula watu zilienea kutoka mdomo wa Rusizi hadi mwambao wa Rumonge na kuzaa filamu mbili, moja ya maelezo na nyingine ya kutisha, amekuwa mali ya wasimulizi. Wewe muulize mvuvi wa mahali hapohapo: watoto wanaoga wapi? Oga hapo. Maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa, kwa kuwa kipindupindu huurudia mwambao huu mara kwa mara. Chandarua ni lazima, mwaka mzima.

Rumonge unaunusa kabla hujauona. Ni harufu ya mawese. Michikichi imefunika uwanda wote kuzunguka mji, mingine ikiwa chini ya shirika la serikali la mafuta ya mawese, OHP, mingi zaidi ikiwa ya wakulima wadogo, na mitambo ya kukamulia ya mikono, ambayo wenyeji wanaiita Rudahigwa, imetapakaa vijijini. Omba kuonyeshwa mmoja ukifanya kazi. Mashada ya mchikichi yakishakatwa huachwa siku chache mpaka chikichi zianze kuachia zenyewe. Zinachambuliwa, zinachemshwa kwenye mapipa kwa saa nyingi, kisha zinamiminwa zikiwa moto ndani ya pipa la chuma lenye parafujo kubwa katikati. Hapo wanaume wanashika mti na kuzunguka, hatua kwa hatua, kama ng'ombe wa kinu, na kupitia matundu ya chini mafuta yanaanza kutiririka, mazito, mekundu ya kukaribia rangi ya udongo. Yanarudishwa motoni ili maji yatengane nayo.

Hakuna kinachotupwa. Makapi yanakuwa kuni za pipa linalofuata, mbegu zinaanikwa na kugongwa kupata mafuta mengine ya ndani, na mabaki yanaingia kwenye sabuni. Wanaozunguka na mti hulipwa kidogo kwa kazi ngumu sana. Ukitaka kuwapiga picha, nunua chupa ya mafuta kwanza. Na uifunge vizuri. Mawese yakimwagika kwenye begi, nguo zako zimeshapata rangi ya kudumu.

Mji wenyewe utamfurahisha msomaji wa kitabu hiki kuliko miji mingine ya Burundi, kwa sababu hapa Kiswahili si lugha ya wageni. Upo mtaa unaoitwa Swahili, ipo misikiti, zipo kanga na kofia, na Ijumaa adhuhuri shughuli zinapungua. Historia yake ni ile ya ziwa zima. Misafara ya pembe na watumwa iliyokuwa na kitovu chake Ujiji iliacha makazi kando ya mwambao, na katika miaka ya 1880 Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kupenya kutoka ziwani hadi bara ya Burundi. Majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia, na ndiyo maana Uislamu na Kiswahili vilibaki kandokando ya maji. Wamisionari Wakatoliki wa White Fathers walifika Rumonge mwaka 1879, na Mei 1881 watatu wa msafara wao wakauawa hapa. Ukristo wa Burundi ulilazimika kungoja miaka mingi kabla ya kurudi.

Kuna historia nyingine ambayo msafiri mwenye adabu huijua lakini haichokonoi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi uliozuka Rumonge na maeneo ya kusini uliua watu wengi, hasa Watutsi, na kisasi cha serikali kilichofuata kiliua Wahutu wengi mno nchi nzima. Warundi wanauita mwaka huo Ikiza. Wakimbizi walivuka kwenda Tanzania, wakajenga maisha Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na walioanza kurudi miongo kadhaa baadaye walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine. Kesi za ardhi hazijaisha. Kwa hiyo ukiwa na mwenyeji mkitembea shambani, usimuulize "shamba hili ni la nani tangu lini" kana kwamba ni swali la kupitisha muda. Atakayetaka kukusimulia atakusimulia, na wengi wa waliokulia Tabora au Mpanda watafurahi kuzungumza nawe Kiswahili cha huko na kukuuliza habari za watu wao.

Kutoka Rumonge kuna matembezi matatu. La kwanza ni chemchemi za maji moto za Mugara, kusini kidogo ya mji, ambako wenyeji huenda kuoga na kutibu maungo. Usitarajie marumaru wala taulo, nenda na kanga yako. La pili ni hifadhi ya Vyanda, msitu wa miombo kwenye vilima vya nyuma, ambako bado kuna sokwe. Hapa nishushe matumaini yako mapema. Gombe, ng'ambo ya mpaka, sokwe wamezoeshwa watu tangu Jane Goodall alipoanza utafiti mwaka 1960. Vyanda hawana mazoea hayo, wametawanyika, na unaweza kutembea siku nzima ukaona viota na kinyesi tu. Anayependa msitu aende. Anayetaka picha ya sokwe avuke mpaka.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Msitu wa Kigwena uko kando ya RN3 kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, mdogo, umezungukwa na michikichi na mihogo pande zote, na ni mabaki ya misitu ya joto ya nyanda za chini ambayo zamani ilikuwa kubwa zaidi katika mwambao huu. Ukiingia, joto linashuka ghafla. Miti mirefu imefunga anga, nyani wanapita juu, na vipepeo wamejaa penye unyevu. Kiongozi wa ofisi ya mazingira, OBPE, ndiye anayekuingiza na kupokea ada. Nenda asubuhi na uvae suruali ndefu. Usilete ndizi za kuwarushia nyani, kwani wakishajifunza kula mkononi mwa mgeni, wanahamia shamba la jirani, na jirani ana panga.

Fedha ni faranga za Burundi, taslimu. Kadi za benki zisahau ukishaiacha Bujumbura. Wenyeji hulipana kwa simu, hasa kwa Lumicash, na mgeni akipata laini ya simu iliyosajiliwa anaweza kufanya hivyo pia. Tembea na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani vizuizi vya polisi barabarani ni vya kawaida, na salamu ya utulivu ndiyo inayovimaliza haraka. Raia wengi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji viza, lakini hali za mipaka katika ukanda huu hubadilika kwa tangazo la usiku mmoja: mpaka wa Rwanda ulifungwa Januari 2024, na ule wa Kongo upande wa Uvira unategemea vita. Unaoaminika zaidi kwa mwenye kufuata mwambao ni wa kusini, Mugina kwa upande wa Burundi na Manyovu kwa upande wa Tanzania, unaofikiwa kwa kuiacha Nyanza-Lac na kupanda Mabanda.

Ukiutumia, pitia mchana, kwa sababu upande wa pili bado una safari ya kushuka Kigoma. Saa yako isogeze mbele saa moja, na unapovuka barabara Manyovu kutafuta gari, tazama kulia kwanza, maana kuanzia hapo magari yanapita mkono wa kushoto.